Ukimzidishia mteja bili: yasemwayo mitaani Lubumbashi na ukweli wake

Akina mama wengi wa Katuba, Kampemba na Ruashi wana duka lisilo na kibao mlangoni. Duka ni sebule: vitenge vimekunjwa kabatini, sufuria ziko chini ya kitanda, mafuta ya ngozi na sabuni za kampuni zimejaa katoni karibu na friji. Oda zinaingia kwa WhatsApp, mzigo unapelekwa na pikipiki, na malipo yanakuja mara mbili au tatu mpaka mshahara utoke. Bili ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Kwa mpangilio huo makosa ya hesabu hayakosekani, wala si aibu. Kinachoua biashara ni yale tunayoambiana kuhusu namna ya kuyamaliza.

"Nitamwongezea matabishi, tutakuwa tumemalizana"

Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote. Muuzaji anagundua usiku kwamba alimtoza mteja dola 10 za ziada. Anaona haya. Wiki inayofuata anampelekea sabuni mbili na kichupa cha mafuta, "matabishi yako, mama", na moyoni anahesabu deni limekwisha.

Halijakwisha. Matabishi ni ukarimu wa muuzaji. Pesa iliyozidi ni mali ya mteja. Sheria ya mikataba tunayoitumia Kongo ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kongwe kuliko mji wenyewe wa Lubumbashi, na iko wazi: aliyepokea kisicho haki yake, kwa kukosea au kwa kujua, lazima akirudishe. Tena inamtenga aliyepokea kwa nia njema na aliyepokea huku akijua, maana huyu wa pili anaweza kudaiwa na riba juu yake. Ukishajua, kila siku unayonyamaza inakupunguzia nafasi ya kusema "sikujua".

Halafu kuna upande wa mteja, ambao mimi nauona mzito zaidi ya sheria. Jioni moja atakaa na kikokotoo cha simu, ataipitia bili yako mstari kwa mstari, ataziona dola 10, na atazikumbuka zile sabuni. Hapo hapo sabuni zinageuka rushwa. Angekusamehe hesabu mbovu, kuchezewa hasamehi. Naye ana kundi la kanisa, ana likelemba (mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu), ana wifi zake, na wote hao walikuwa wateja wako wa kesho.

Ujumbe unaotosha ni mfupi kuliko hofu yako:

"Jambo mama. Bili ya siku ya posho nilijumlisha vibaya. Sufuria 2 kwa dola 18 ni 36, kitenge dola 25, jumla 61. Mimi niliandika 71. Dola 10 ni zako, nazirudisha leo. Ukizipata niandikie tu 'nimepata'."

Hakuna hadithi ya mtoto aliyekuwa analia, hakuna umeme uliokatika. Kuna hesabu, ambayo mteja anaweza kuirudia mwenyewe, na kuna siku ya kulipwa. Ukitaka kumpa sabuni, mpe baadaye, pesa ikiwa imeshafika.

"Dola 10 ni dola 10"

Ingekuwa hivyo kama tungeishi kwa sarafu moja. Hapa bei inatajwa kwa dola, mteja analipa kwa faranga, na kiwango cha kubadilishia kinabadilika kati ya oda na malipo. Makosa mengi ya bili ninayoyaona si ya kujumlisha kabisa, ni ya kiwango: bili imeandikwa kwa kiwango cha wiki jana, mteja amelipa kwa cha leo, na kila mmoja ana hakika mwenzake kamla.

Mwaka 2025, faranga ilipopanda ghafla mbele ya dola baada ya miaka ya kushuka, kila aliyeuza kwa mkopo alionja ugomvi huo. Tuseme mteja alilipa wakati dola moja ni faranga 2,800, akazidishiwa dola 10. Mfukoni mwake zilitoka faranga 28,000. Ukimrudishia leo kwa 2,300, unampa 23,000 na kumwambia mambo yamekwisha. Hayajakwisha, bado 5,000. Kanuni isiyoleta maneno ni kurudisha kiasi kilekile kwa sarafu ileile aliyotoa. Na kwenye bili, kiwango kiandikwe pembeni ya jumla, pamoja na tarehe. Ni tarakimu nne tu.

Kuna na noti yenyewe. Kila mtu mjini anajua kwamba dola iliyochanika hata ukingoni kidogo inakataliwa dukani, na yule wa kubadilisha pesa barabarani ataipokea kwa kuikata bei. Kumrudishia mteja noti ya namna hiyo ni kumpa shida yako aibebe yeye. Ukituma kwa simu, iwe M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, ongeza gharama ya kutolea pesa kabini kwa wakala, maana kosa halikuwa lake. Angalia pia unatuma kutoka akaunti gani. Simu moja ina salio la dola na salio la faranga, na nimeona marekebisho ya bili yaliyozaa kosa la pili kwa sababu ya kidole kimoja.

"Sheria ni ya maduka ya mjini, sisi tunauza nyumbani"

Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, mwaka 2012, na sheria yake ya biashara inamtambua mfanyabiashara mdogo aliyejiandikisha bila mambo makubwa ya kampuni. Kwa Kifaransa anaitwa entreprenant. Anachodaiwa ni kuwa na daftari la kila siku: pesa iliyoingia na ilikotoka, iliyotoka na ilikokwenda, za mkononi zitengwe na za njia nyingine. Daftari litunzwe angalau miaka 5. Madai kati yake na wateja yanakufa baada ya miaka hiyo hiyo 5, kwa hiyo mteja anayekuja na bili ya mwaka jana hajachelewa hata kidogo. Hata kama hujajiandikisha popote, sioni daftari bora zaidi ya hilo.

Na wale wanaoongeza "TVA 16%", kodi ya ongezeko la thamani, chini ya karatasi ili bili ionekane ya kampuni, waache leo. Asiyesajiliwa kwa kodi hiyo hana haki ya kuitoza, na anayeiandika kwenye bili anajitengenezea deni kwa DGI, ofisi ya kodi ya serikali.

"Haiko kwenye daftari langu, basi hakulipa"

Daftari lako ni ushahidi wako, si ukweli wote. Pesa ya awamu ya pili ilipokelewa na mdogo wako ulipokuwa mpakani Kasumbalesa kuchukua mzigo; au ilitumwa kwa namba ya mume wako kwa sababu yako haikupatikana. Kabla ya kumwambia mtu mzima kwamba anadaiwa, muulize alilipa lini, kwa njia gani, nani alipokea, kisha tafuta ujumbe wa siku hiyo kwenye simu zote za nyumbani. Akiwa mama mkwe wa mtu au mzee wa mtaa, usimuulize ndani ya kundi la WhatsApp. Deni la mtu haliandikwi penye macho mia, hata likiwa la kweli.

"Nilimtoza kidogo, atanijazia tu"

Inategemea ulikosea nini. Kama bei zote kwenye karatasi ni sahihi na jumla ndiyo mbaya, una haki ya kuonyesha hesabu na kuomba kilichobaki. Lakini kama ulimwambia sufuria ni dola 18, akakubali, akalipa, kisha ukakumbuka bei mpya ni 22, hiyo ilishakuwa bei. Dekreti ile ile ya 1888 inasema mapatano halali ni sheria kwa waliopatana. Dola 4 zimekwenda. Badilisha orodha ya bei kwenye status yako kabla hujapokea oda nyingine.

"Kosa ni la kampuni, aende kampuni"

Wanaouza kwa katalogi husema hivi kila kifurushi kinapofika na bei isiyolingana. Mteja hajui ofisi ya kampuni iko wapi. Pesa alikupa wewe, sebuleni kwako. Ukiweza, mrudishie wewe kwanza, halafu wewe ndiye uifuate kampuni ukiwa na picha ya katalogi, picha ya bili yao na namba ya oda. Huwezi? Mwambie tarehe utakayomjibu na uishike, hata kama jibu ni "bado".

"SMS imeingia, pesa imeingia"

Matapeli wameshajua kwamba wauzaji wa nyumbani wanaogopa kuitwa wezi. Mtu anapiga simu akilia: "Yaya, nimekosea, nimekulipa mara mbili, nirudishie." Kwenye simu kuna ujumbe unaofanana kabisa na wa mtandao. Usirudishe kwa kuangalia ujumbe. Piga menyu, angalia salio na orodha ya miamala. Kama kweli pesa imezidi, irudishe kwa namba ile ile iliyotuma, kamwe si kwa namba "ya dada yangu" anayokutajia. Akikataa namba hiyo, mwambie aende kwenye duka la mtandao wake na kitambulisho chake, nawe utamsubiri.