Kichupa cha mfukoni na mwaka wa kwanza chuoni

Jumatatu moja asubuhi walikuja wanafunzi wawili ofisini kwangu, katika kitengo cha ushauri nasaha cha chuo kimoja hapa Tanga. Mmoja alikuwa na miwani ya jua na mdomo umepasuka. Mwenzake wa chumbani ndiye aliyeongea. Ijumaa bumu, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa limeingia. Jumamosi wakaenda ufukweni Raskazone, na huyu wa miwani, kijana wa Lushoto ambaye kwao hakuwahi kuonja pombe, akamaliza kichupa cha pombe kali kabla jua halijazama. Usiku akatapika akiwa usingizini.

Alipona kwa sababu mwenzake alikuwa amemlaza ubavu. Angelala chali, matapishi yangeweza kumziba njia ya hewa huku wenzake wakidhani anakoroma tu. Mtu aliyelewa hadi haamshiki, anapumua kwa kusitasita au mwili umekuwa wa baridi, hapaswi kuachwa "alale iishe". Mpelekeni hospitali usiku huohuo, hata kama mnaogopa uongozi wa chuo.

Turudi kwenye kichupa. Wanafunzi huniambia, "Nilikunywa kimoja tu, mwalimu." Bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi chenyewe. Kichupa cha mililita 200 chenye asilimia 35 kina mililita 70. Aliyekimaliza amekunywa karibu bia tatu, na tumbo wala halijajaa. Ini nalo halina haraka: bia moja ya namna hiyo huchukua saa mbili au zaidi kuisha mwilini, na si kahawa, si kuoga maji baridi, si supu ya pweza itakayoliharakisha. Ukichanganya na kinywaji cha kuongeza nguvu, usingizi hukimbia lakini ulevi unabaki palepale, nawe unaendelea kunywa ukijiona mzima. Viroba, zile pakiti ndogo za plastiki za pombe kali, vilipigwa marufuku nchini Machi 2017, ila kichupa bado kinaingia mfukoni vizuri sana. Gongo ni balaa jingine, kwani ikiwa na methanoli humpofusha mtu, hata kumuua.

Kwa ninavyoona mimi, hatari kubwa iko wiki za kwanza. Kijana ametoka kwao, hajazoeana na mtu, jioni ni ndefu, na kwa mara ya kwanza ana pesa ambayo hakuna anayemuuliza imekwenda wapi. Wapo wanaokunywa ili wakubalike. Wapo pia, na hawa ndio wananiumiza zaidi, wanaokunywa peke yao ili wapate usingizi. Pombe humlaza mtu upesi, kisha humwamsha saa tisa usiku moyo ukimwenda mbio, na kesho yake kipindi cha asubuhi kinampita. Akishaanza kutoa loki asubuhi, yaani kunywa tena ili kuondoa uchovu wa pombe ya jana, hapo tumeshachelewa kidogo.

Hapa pwani kuna jambo la ziada: aibu. Binti wa familia ya dini atakunywa mlango umefungwa, na akizidiwa hatamwambia mtu. Kwa hiyo, wazazi, mkipiga simu msiulize mitihani tu. Ulizeni analala vipi, anakula na nani. Akikiri, msimtishie kumrudisha nyumbani, maana hatakiri tena.

Kwa vyuo, hotuba ya saa moja ukumbini haitoshi. Kila mgeni apewe mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kumshika mkono, viwanja vya michezo viwe na taa jioni, na bumu likiingia kodi na chakula vilipwe siku ileile. Wenye maduka jirani na hosteli nao wakumbuke kwamba kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18 ni kosa.

Anayetaka kujipima unywaji wake aje tupitie naye maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani yaitwayo AUDIT. Ni dakika chache, na majibu yanabaki kati yetu. Anayekunywa kila siku asiache ghafla peke yake. Mwili uliozoea unaweza kutetemeka hata kupata degedege, na hilo linahitaji daktari.

Yule wa Lushoto alirudi Jumatatu iliyofuata, safari hii bila miwani. Mwenzake alikaa nje kwenye benchi, daftari mapajani, akimsubiri hadi tulipomaliza.