Ganda la risasi na maana ya "kulirudisha saizi"

Neno "risasi" tumelitwika mizigo mitatu. Kwa fundi wa betri za gari, risasi ni ile metali nzito ya kijivu iliyo ndani ya betri, na hiyo ndiyo maana neno lilikuja nayo kutoka Kiarabu. Kwa askari, risasi ni kitu kizima anachohesabiwa akienda zamu na akirudi. Kwa daktari wa majeruhi, risasi ni kile kipande alichokitoa mwilini mwa mtu.

Mizigo hiyo ndiyo iliyotuletea ubishi nyumbani, hapa Kisumu, binamu yangu anayeishi Texas alipotutumia video kwenye simu. Yuko gereji kwake, pembeni ana ndoo imejaa vikopo vidogo vya rangi ya dhahabu, mbele yake mashine yenye mkono mrefu. Chini ameandika: "Narudisha saizi risasi za bastola." Mama mdogo akauliza, "Kwani risasi ikishapigwa si imeenda? Huyu anairudisha kutoka wapi?"

Swali lake lilikuwa la haki. Kilichoenda hakirudi. Kinachorudishwa ni ganda.

Risasi nzima ina sehemu nne. Mbele kuna kichwa, kipande cha metali ya risasi ambacho aghalabu huvishwa koti jembamba la shaba, nacho ndicho kinachoruka. Nyuma yake kuna baruti. Chini kabisa, katikati ya kitako, kuna fataki, kidonge kidogo kinacholipuka kikigongwa na pini ya bunduki na kuiwasha baruti. Ganda ndilo linalovishika vyote hivyo pamoja. Bastola ikifyatuliwa, kichwa kinatoka kwa mbele, baruti inaungua, fataki inakufa, na ganda linarushwa kando likiwa tupu. Hayo ndiyo "maganda ya risasi" ambayo kwenye taarifa ya habari polisi husema wameyaokota mahali pa tukio.

Ganda zuri ni la shaba ya njano, ambayo wanunuzi wa vyuma chakavu huiita brasi. Ile ya maganda ina shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30. Hesabu hiyo ina sababu. Kwa mchanganyiko huo metali huvutika sana bila kupasuka, hata kiwandani wanaanza na kisahani bapa na kukivuta hatua kwa hatua mpaka kiwe kikombe kirefu. Tena ina kitu kama mpira ndani yake: ukiitanua kidogo, inajirudi.

Sifa hiyo ya kujirudi ndiyo inayoifanya bastola ifanye kazi. Chukua risasi ya milimita 9, ile iliyobuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20 na ambayo bado inatumiwa na polisi wengi duniani. Tairi la Probox hujazwa upepo wa pauni 30 na kitu. Ndani ya ganda la milimita 9, baruti inapoungua, shinikizo linaweza kufika pauni 34,000 kwa kipimo hichohicho. Kuta za ganda zinatanuka na kugandamana na chemba ya bastola, yaani kile chumba risasi inamokaa ikipigwa, moshi na moto vikose njia ya kurudi nyuma usoni mwa mpigaji. Shinikizo likishuka, ganda linanywea kidogo na kuachana na chemba, ndipo linaweza kuvutwa na kutupwa nje. Lisingenywea, lingekwama humo kama kizibo.

Ila halinywei lote. Linabaki limenenepa kwa unene ambao jicho halioni, sehemu za mia za milimita, na ukilipeleka hivyo kwenye bastola nyingine huenda likakataa kuingia. Mdomo nao umelegea, hauwezi tena kukishika kichwa kipya. Kurudisha saizi, basi, ni kulisukuma ganda hilo ndani ya tundu la chuma kigumu lenye vipimo kamili, likibanwa pande zote mpaka lipate umbo lake la mwanzo. Tundu hilo mafundi wanaliita dai.

Nilimpelekea video ile mzee mmoja pale Kibuye anayekereza vyuma. Bunduki hazijui na hataki kuzijua, lakini shaba anaijua. Alikata kipande cha bomba la shaba la friji, akakipanua mdomo kwa pini ya chuma, kisha akakigongea ndani ya tundu alilokuwa ametoboa kwenye kipande cha chuma. Kilipotoka, akakipima kwa kaliper na kunionyesha. Kilikuwa kinene kuliko tundu kilikotoka.

"Umeona? Ukitaka itoke kumi, usiitobolee kumi, itobolee pungufu. Shaba ina kiburi, kijana wangu. Ukiibana inakubali, ukiiachia inarudi nyuma kidogo."

Basi dai za maganda hutengenezwa hivyohivyo, tundu likiwa jembamba kidogo kuliko saizi inayotakiwa. Zile za zamani za chuma cha kawaida zinadai ganda lipakwe mafuta kwanza, la sivyo linang'ang'ania humo na kulitoa ni kazi nyingine. Siku hizi kwa maganda ya bastola yaliyonyooka wanatia pete ya tungsteni kabaidi, kitu kigumu na chenye uso mtelezi kiasi kwamba mafuta si lazima.

Watu wengi hudhani kubanwa ni kwa ajili ya ganda kuingia kwenye chemba tu. Kwa maoni yangu jambo kubwa zaidi liko mdomoni. Mdomo usipokikaba kichwa sawasawa, bastola inapojiingizia risasi kwa nguvu kichwa kinasukumika ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua, na nafasi ikipungua shinikizo linapanda haraka. Risasi ya milimita 9 ni ndogo, ganda lake lina urefu wa milimita 19 na ushee tu, kwa hiyo hata kuzama kidogo kunahesabika. Bastola zimewahi kupasukia mikononi kwa sababu ya namna hiyo.

Na ganda huchoka. Chukua kipande cha waya wa shaba, ukipinde na kukinyoosha mahali palepale. Mara ya kwanza kinakubali kama uzi, mara ya tano kinakuwa kigumu, baadaye kinakatika. Kila kutanuka bastolani na kila kubanwa kwenye dai ni kupinda kumoja. Shaba inazidi kuwa ngumu, ile tabia ya mpira inaisha, na siku moja ufa mwembamba unatokea mdomoni. Wanaochonga bangili za shaba wanalijua hili: wakishagonga kwa muda wanairudisha kazi motoni ilainike. Maganda ya bunduki ndefu hulainishwa shingo kwa moto vilevile. Ya bastola kwa kawaida hayasumbukiwi, lililopasuka linatupwa. Kitako ndicho kisichotakiwa kulainishwa hata kidogo, maana ndicho kinachobeba mzigo wote.

Kuna adui mwingine ambaye wafugaji wa kuku wa Njoro wangemtambua kwa pua. Jeshi la Waingereza kule India lilikuwa likihifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi msimu wa mvua. Zikitolewa, maganda yalikutwa yamepasuka yenyewe, hakuna aliyeyagusa. Maelezo ya kisayansi yalikamilika mwaka 1921. Mkojo wa farasi ulikuwa ukitoa amonia, na amonia ikikutana na shaba ya njano ambayo bado ina mkazo wa kubanwa kiwandani, inaingia kwenye mipaka ya chembe zake na kuipasua. Ni hewa ileile inayokuwasha macho ukiingia banda la kuku lenye maranda yasiyobadilishwa. Ndiyo maana ganda halisafishwi kwa dawa yenye amonia, hata kama inang'arisha ajabu.

Si kila ganda linarudi. La chuma linashikwa na sumaku na kwa kawaida huachwa, la alumini vilevile. Hata ya brasi yana kabila mbili. Lenye tundu moja la kupitishia moto wa fataki ni la mtindo wa Edward Boxer, Mwingereza. Lenye matundu mawili madogo ni la Hiram Berdan, Mmarekani, na kulitoa fataki lake ni taabu. Cha kuchekesha, Wamarekani waliuchukua mtindo wa Mwingereza, na majeshi mengi ya Ulaya wakauchukua wa Mmarekani.

Anachofanya binamu yangu gerejini kwake ni halali huko aliko. Hapa Kenya silaha na risasi zinasimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kujitengenezea risasi nyumbani bila kibali ni kosa. Risasi za nchi hutengenezwa na kiwanda cha serikali kilichoko Eldoret.

Siku ileile nikitoka kwa mzee, nilipita kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuwa akichambua gunia la mifereji ya maji iliyokufa, sumaku mkononi, brasi huku, chuma kule. Kati ya mifereji likachomoza ganda moja, limebonyea kitakoni pini ilipogonga. Sumaku haikulishika. Kwa bei ni brasi kama brasi nyingine. Lakini pale lilipobonyea, na mkwaruzo mwembamba wa ukingoni, pana alama za bastola fulani, na wachunguzi wa polisi wanazisoma kwa darubini. Aliligeuza mara moja, akalitenga juu ya kopo, kisha akamtazama aliyeleta gunia.

"Hii sipimi. Hii utaenda nayo polisi uwaambie uliitoa wapi."

Yule kijana akasema hakujua hata kama imo.