Kwa nini ukisafiri mtungi wa gesi ukae nje, na jiko ndilo libaki ndani?

Kivuko cha kutoka Mwanza kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kilikuwa kimeshaacha gati, Jiwe la Bismarck likizidi kuwa dogo nyuma yetu, pale mama mmoja kwenye benchi la mbele aliposhika kichwa. "Baba Joy, gesi!" Mumewe hakugeuka hata shingo. "Tulia, Mama Joy. Mtungi nimeuingiza chumbani, nimeulaza uvunguni, madirisha yote nimebana. Mwizi ataupitia wapi?" Mama akashusha pumzi, akafungua chupa ya chai. Aliyekosa raha mpaka Ukerewe ni mimi, kwa sababu kila alichokitaja yule baba kuwa ni ulinzi, yaani chumbani, uvunguni, madirisha kubanwa, ndicho kinachougeuza mtungi kuwa hatari nyumba ikiwa tupu.

Simlaumu. Wengi wetu tumekua na mkaa, na mkaa ukisafiri hauna neno: moto unazimika wenyewe, gunia unalifungia stoo, basi. Sasa mitungi imeingia majumbani kwa kasi, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo mwisho wake. Jiko tumebadilisha, lakini mazoea ya kufungia gunia tumebaki nayo.

Swali ni hili: mtungi uliokaa jikoni mwaka mzima bila kisa, kwa nini uwe tatizo kwa siku kumi tu za safari ya Krismasi? Ni kwa sababu siku hizo kumi nyumba haina pua.

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili zenyewe karibu hazina harufu. Uvundo ule unaofanana na kabichi iliyooza umetiwa kwa makusudi, kwa kemikali za jamii ya merkaptani, kidogo tu, maana pua ya binadamu huinasa hata ikiwa chembe. Dunia iliujua umuhimu wake kwa machozi. Machi 18, 1937, shule ya New London katika jimbo la Texas, Marekani, ililipuka kwa gesi asilia isiyo na harufu iliyokuwa imejikusanya chini ya sakafu. Watu karibu 300 walikufa, wengi wao watoto. Mwaka huohuo Texas ikapitisha sheria ya kuitia gesi harufu.

Kwa hiyo harufu ni kengele, ila kengele hii inataka mtu wa kuisikia. Ukiwepo, regulata, kile kichwa kinachounganisha mpira na mtungi, ikilegea saa mbili usiku, saa mbili na dakika tano mtu ameshafoka, "Nani kaacha jiko wazi?" Ukiwa Nansio hakuna wa kufoka. Uvujaji ambao ungezimwa kwa mkono mmoja umepewa siku kumi za kufanya kazi yake.

Na kazi yake huifanya chini. Propani ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, butani mara mbili. Haipandi kama moshi. Hushuka ikatambaa sakafuni kama maji ya ndoo iliyopinduka, ikajaa uvunguni, ikakaa kwenye kona. Zile tundu za hewa tunazoacha juu karibu na dari husaidia joto na moshi kutoka. Kwa gesi hii ni kama mlango wa ghorofani kwa mtu aliyekwama ghorofa ya chini.

Tupige hesabu ya chumba cha mita 3 kwa 3, dari ikiwa mita 2.7 juu. Ndani mna meta za ujazo kama 24 za hewa. Gesi hii huanza kuweza kushika moto ikifika takriban asilimia 2 ya hewa, na asilimia 2 ya chumba hicho ni nusu meta ya ujazo, ambayo ni gesi ya kilo moja hivi. Mtungi mdogo, ule wa kilo 6, unabeba mara sita ya hiyo. Tena hesabu hii inachukulia kwamba gesi imeenea sawasawa chumbani, jambo ambalo mara nyingi halitokei: usawa wa magoti unaweza kufika kiwango hicho mapema, juu kukiwa bado kusafi.

"Lakini ndani hakuna mtu, nani atawasha kiberiti?" Friji. Friji huwaka na kuzima yenyewe usiku na mchana, na swichi yake inaweza kutoa cheche. Radi ikipiga, umeme ukakatika, ukarudi saa nane usiku, vyote ulivyoacha kwenye soketi vinaamka pamoja. Na visipoamka hivyo, yupo mtu wa mwisho: wewe mwenyewe, umerudi na mabegi, mkono ukutani unatafuta swichi ya taa.

Niseme na habari ya uvunguni, maana hiyo ndiyo iliyonitia jasho zaidi. Mtungi ukiutikisa unasikia maji maji. Ndiyo gesi yenyewe, imebanwa mpaka ikawa kimiminika. Propani huchemka nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri yenyewe, kwa hiyo kwa joto la Mwanza vyote viwili vinatamani kuchemka muda wote. Kinachovizuia ni chuma na mgandamizo wake. Mtungi haujazwi mpaka juu. Huachwa nafasi, kama asilimia 15 hadi 20, ili kimiminika kipate pa kutanukia joto likipanda. Ukiwa umesimama, nafasi hiyo iko juu, penye koki na valvu ya usalama, na kikivuja kitu inavuja gesi. Ukiulaza, kimiminika kinakuja mdomoni. Lita moja ya kimiminika hicho ikitoka inakuwa lita kama 250 za gesi. Tundu ni lilelile, lakini mtungi uliolazwa unamwaga mara nyingi zaidi kuliko uliosimama. Kwa hiyo mtungi husimama wima siku zote, uwe umejaa au umeisha, na huo tunaouita mtupu bado una gesi ndani.

Hoja mbili za kuuingiza ndani nazisikia kila mara. Ya kwanza ni jua, kwamba mtungi ukiachwa nje utapasuka. Hofu hii imekuzwa. Kwenye nyuzi joto 50, kiasi ambacho kivulini Mwanza hatukifikii, propani peke yake husukuma kwa mgandamizo wa baa 17 hivi, na mitungi hutengenezwa ihimili zaidi ya hapo. Uweke kivulini, naam, lakini usikimbie jua kwa kuufungia ndani. Banda la mabati lililozibwa pande zote ndilo baya kuliko yote mawili: lina joto la nje na kifungo cha ndani.

Ya pili ni mwizi, na hapo sina ubishi. Mtungi ni pesa. Anayeishi nyumba yenye uzio anaweza kumwita fundi amchomelee kizimba cha nondo: pande wazi, juu bati, kufuli mbele, chini matofali ili mtungi usikae kwenye tope na kuota kutu. Mnyororo upite kwenye shingo ya mtungi. Kiwe mita kadhaa kutoka mlangoni, madirishani na kwenye vyumba vya majirani, na kisikae karibu na mfereji wala chemba ya maji taka, maana gesi ikiingia humo itatokea kwa mtu mwingine. Pande wazi zina faida yake hapa kwetu: mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka kwenda ziwani, kwa hiyo kizimba kinapata hewa saa zote.

Wakazi wa vilimani, Mabatini, Igogo, Isamilo, wana jambo la ziada. Nyumba zimepandana juu ya mawe, uwanja wako uko sawa na bati la jirani wa chini. Kinachotiririka kwako kinafika kwake, na kwake pengine jiko la mkaa linawaka. Usiuweke mtungi ukingoni juu ya paa la mtu, wala usiufiche kwenye pango kati ya mawe mawili makubwa, hata kama mwizi hatauona. Pango ni chumba kisicho na mlango wa chini.

Na mpangaji wa chumba kimoja, asiye na uwanja wala kizimba? Kwangu mimi njia bora ni ya kizamani: mpe aliyepo. Unabisha hodi kwa mama mwenye nyumba, "Shikamoo mama. Nasafiri siku kumi, naomba nikuachie mtungi uutumie." Atakujibu, "Marahaba mwanangu, utaukuta mwepesi!" Mwepesi hewala. Muhimu ni kwamba uko jikoni kwa mtu mwenye pua, anayefungua mlango kila alfajiri. Ila kuupeleka kijijini ndani ya basi la abiria, ukiwa umelala kati ya mabegi, hapana.

Kabla ya kuutenganisha mtungi na jiko, zima kwa mpangilio huu: jiko likiwa linawaka, funga mtungini kwanza, subiri mwali ufe wenyewe, ndipo ufunge vitufe vya jiko. Hapo mpira unabaki hauna gesi. Ukianza na vitufe, mpira unabaki umejaa. Kisha toa regulata, rudisha kifuniko cha plastiki, paka povu la sabuni mdomoni mwa mtungi. Povu likitoa mapovu mapya, kuna uvujaji. Mtungi huo haukai popote, unarudi kwa wakala. Kiberiti si kipimo.

Jiko lenyewe, hata lile kubwa la kuchomea sato na nyama kwenye baraza, likishatenganishwa na mtungi ni chuma tu. Liingize ndani bila wasiwasi. Mpira nao uingie, utundikwe juu, maana nyumba ikiwa tupu panya ndio wenye mji, na mpira wenye mafuta ya sangara wanautafuna. Sugua mafuta kwenye trei vilevile.

Ukirudi, fungua mlango na madirisha kabla ya kugusa swichi. Ukinusa gesi usiwashe kitu, na kilichowaka usikizime. Toka nje, piga 114 kwa zimamoto. Usiponusa kitu, unganisha mtungi, paka sabuni tena, ndipo uwashe. Jiko la kuchomea lina jambo moja ambalo la sahani mbili halina sana: vibomba virefu vinavyochanganya gesi na hewa chini ya vichomeo. Buibui huvipenda, na nyigu wanaojenga kwa udongo huvipenda vilevile. Kibomba kikizibwa, gesi hurudi nyuma na kuwaka pasipotakiwa, karibu na vidole vyako. Mwali ukiwa wa njano na mvivu badala ya bluu, au moto ukisikika nyuma ya vitufe badala ya chini ya samaki, funga mtungini, acha jiko lipoe, chomoa vibomba upitishe waya. Usishangae kikitoka kidonge cha udongo kikavu, kimejaa buibui waliopooza ambao nyigu alikuwa amewawekea watoto wake akiba.