USER na CURUSER katika IBM i: Dhana Potofu Kuhusu Sifa za Kazi

Kila ninapoitwa Mtwara au Lindi kukarabati programu za IBM i, mfumo endeshi wa kompyuta za biashara ambao wengi bado wanauita AS/400 kama ulivyozinduliwa mwaka 1988, huambiwa kwamba aliyebadilisha rekodi anajulikana, kwa kuwa programu husoma USER kwa RTVJOBA, amri inayosoma sifa za kazi. Hapana, hajulikani, na inasikitisha kwamba jambo hili hugunduliwa siku mkaguzi anapofika.

Jina kamili la kazi, yaani kipindi kimoja cha programu kuendeshwa katika mfumo, lina sehemu tatu: jina lenyewe, mtumiaji, na namba ya tarakimu sita. USER ni ile sehemu ya pili, ambayo huwekwa kazi inapoanza. Karani akiingia mwenyewe kupitia skrini ya kijani, jibu huwa sahihi, na ndiyo maana programu hufaulu majaribio. Lakini programu ya nje inapofikia data kwa ODBC, njia ya programu kuunganika na hifadhidata, kwa kawaida huhudumiwa na kazi za QZDASOINIT, ambazo hubeba jina la QUSER, akaunti ya mfumo wenyewe, na huwa zimeanzishwa kabla mtu hajaunganika. Mtu akiunganika, mfumo hubadili akaunti inayotumika ndani ya kazi, ila jina la kazi hubaki lilelile. Katika ofisi moja inayopokea korosho, mhasibu alitaka kujua nani alipunguza kilo katika stakabadhi moja ya msimu, akakuta safu nzima imeandikwa QUSER.

Kinachotakiwa ni CURUSER, yaani akaunti inayotumika ndani ya kazi kwa sasa:

DCL VAR(&NANI) TYPE(*CHAR) LEN(10)
RTVJOBA CURUSER(&NANI)

Wanaoandika kwa lugha ya RPG wasome nafasi ya 358 hadi 367 katika muundo wa data wa hali ya programu, wala si 254 hadi 263, ambayo ni ya USER. Mimi husisitiza kuhifadhi pia jina na namba ya kazi, ili kumbukumbu za kazi ziweze kufuatiliwa baadaye. Hata hivyo, iwapo tovuti yenu huunganika kwa akaunti moja kwa niaba ya wafanyakazi wote, CURUSER itarudisha akaunti hiyo tu, na jina la mtu lazima lipelekwe na tovuti yenyewe.

Wengine hudhani kwamba DATE ya RTVJOBA ni tarehe ya leo. Hiyo ni tarehe ya kazi: kazi iliyoanza saa tano na dakika hamsini usiku ikavuka saa sita hubaki na tarehe ya jana, isipokuwa mtu aibadilishe. Tarehe ya mfumo husomwa kwa amri ya RTVSYSVAL kutoka thamani ya mfumo iitwayo QDATE.

RTVJOBA pia haichunguzi kazi ya mwingine, kwani husoma sifa za kazi inamoendeshwa peke yake. Kwa kazi nyingine iteni programu ya mfumo iitwayo QUSRJOBI, mkiipa jina kamili la herufi 26. Ule mtindo wa kuchapisha ripoti ya DSPJOB, amri inayoonyesha taarifa za kazi, kisha kukata mistari ya ripoti kwa programu uachwe kabisa, kwa sababu mpangilio wa ripoti ukibadilika, programu itasoma safu isiyo yake bila kutoa kosa lolote.