Taharuki si hofu, na kejeli si kinaya

Kijana mmoja wa kidato cha nne hapa Unguja aliulizwa maana ya taharuki, akajibu: "Ni watu kukimbia ovyo." Alikosa alama, lakini mimi simlaumu. Kila siku anasikia kwamba moto umezua taharuki sokoni, au boti imechelewa na taharuki imetanda bandarini. Neno hilo lina kazi mbili, na skuli tunamfundisha moja tu bila ya kumwambia kwamba ya pili ipo.

Katika fasihi, taharuki ni ile hamu ya kutaka kujua litakalofuata. Bibi anasimulia ngano usiku; paukwa, pakawa, zimwi limefika mlangoni linabisha hodi, kisha bibi anasita kidogo anatia tambuu mdomoni. Watoto kimya. Hakuna aliyekimbia, na hiyo ndiyo taharuki yenyewe. Bibi anajua kilicho nyuma ya mlango, wao hawajui, naye hana haraka.

Katika kazi yangu ya kufafanua istilahi nimeona swali moja husaidia kuliko fasili za kukariri: nani anajua, na nani hajui?

Chukua kejeli na kinaya, ambazo kila mwaka huchanganywa. Mtu kachelewa arusini saa mbili nzima, unampokea: "Karibu, leo umewahi kweli!" Hiyo ni kejeli. Maneno yamegeuzwa makusudi ili yamchome, na nyote wawili mnaelewa. Kinaya hakihitaji mtu wa kusema chochote. Ni mambo yenyewe kwenda kinyume na yanavyotarajiwa au yanavyodaiwa. Nimeunga mishororo miwili ya mfano:

Jirani yuko dukani, asali anapopima,
Kidole ki mizanini, huku ahubiri wema.

Hapo hakuna aliyemkejeli jirani. Mahubiri yake na kidole chake ndivyo vinavyopingana. (Na kwa kuwa tumefika kwenye mizani: hesabu silabi uone kila kipande kina nane, kwa hivyo mshororo una mizani 16. Kipande cha kwanza ni ukwapi, cha pili ni utao. Vina vya kati ni "ni", vya mwisho ni "ma". Duka lina mizani yake na shairi lina yake, na zote mbili huibiwa.)

Kinaya kinanoga zaidi jukwaani. Tuseme tuko Wete, tunatazama mchezo. Mkulima amekaa kwenye kigoda anahesabu pesa za karafuu zake kabla hajaziuza: mabati kiasi hiki, mahari ya mwanawe kiasi hiki. Sisi tuliokaa ukumbini tumeshamuona mwana huyo huyo usiku wa jana akizipakia karafuu kwenye ngarawa. Kila mara mzee huyo akisema "Mwaka huu naezeka nyumba," ukumbi unacheka, na wanaocheka roho zinawauma. Hiki ni kinaya cha kidrama: mtazamaji anajua, mhusika hajui. Kwenye taharuki ni mtazamaji ndiye aliyeachwa gizani. Mwandishi hodari huzitia zote mbili mahali pamoja. Tunajua karafuu hazipo, lakini hatujui mzee atafanya nini akifunua jamvi.

Mwana naye akibaki peke yake jukwaani, akasema kwa sauti yanayomkereketa moyoni, huo ni uzungumzi nafsi. Anajua yeye, tunajua sisi, baba yake aliye chumba cha pili hajui. Ndiyo maana si kosa la mwandishi kwamba baba "hakusikia".

Fumbo ni jambo jengine, na kwa hili Wazanzibari hatuhitaji mwalimu. Kwenye taarab mwimbaji hataji jina la mtu. Anaimba habari za chungwa au za chombo baharini, mara mwanamke mmoja anainuka kwenda kutunza kwenye ubeti ule ule, huku jicho liko upande fulani. Mlengwa ameshajua. Waliobaki wanauliza wakirudi nyumbani.

Neno tamthiliya nalo limehama. Sikuhizi ukilitaja, wengi hufikiria kipindi cha televisheni kinachoendelea kila jioni. Kwa wanafasihi tamthiliya ni maandishi, yaani majina ya wahusika, maneno yao na maelekezo ya jukwaani. Yanapotiwa mwilini na waigizaji mbele ya watu huwa mchezo. Unaweza kuisoma tamthiliya peke yako chini ya mwembe, lakini mchezo hauchezwi bila ya watazamaji.

Limebaki moja linalonisumbua hata mimi: tashtiti. Vitabu vingi vya skuli hapa Tanzania vinasema ni kuuliza swali ambalo muulizaji analijua jawabu lake, kama kumwambia mgeni aliyesimama mbele yako, "Kumbe umekuja?" Wengine, hasa Kenya, wanalitumia kwa maana ya dhihaka inayofichua maovu ya jamii. Mtahiniwa wa hapa ashike maana ya kwanza, na akisoma uhakiki wa Kenya aangalie kwanza mwandishi anakusudia ipi.