Injini ya pikipiki ikihamia kwenye gokati

Kijana akiingia karakana ya chuo chetu hapa Jinja, Uganda, na injini ya pikipiki kubwa, swali lake huwa moja: "Mwalimu, itakimbia ngapi?" Juzi walikuja wawili na injini ya cc 600, silinda nne, waliyoitoa kwenye pikipiki iliyogongwa. Gokati, yaani kigari kidogo cha mbio, walikuwa wameshaichomelea wenyewe, na kwa macho ilikuwa kazi safi. Walilalamika tu kwamba injini imeanza kugonga. Niliwaambia wamwage oili kwanza.

Iliyoshuka kwenye beseni ilimetameta kama rangi ya kucha. Ukiisugua kati ya vidole unahisi chembe, nyingine nyeupe, nyingine za rangi ya shaba. Hizo ndizo beringi za krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, zimesagika. Gokati ilikuwa imeendeshwa siku mbili tu, kwenye kiwanja kitupu.

Chukua ndoo yenye maji nusu uizungushe kwa mkono. Maji hayamwagiki, kwa sababu ndoo yenyewe inalala kuufuata mzunguko. Pikipiki ni vivyo hivyo: kwenye kona inalala, na oili inabaki imetulia chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, pale pampu inapoinyonyea. Gokati hailali. Injini imesimama wima, na oili yote inakimbilia ubavuni. Kona ikikatwa kwa kasi hata msukumo wa pembeni ukalingana na uzito, uso wa oili unainama nyuzi 45, na mdomo wa pampu unanyonya hewa. Injini hizi huzunguka mara 10,000 kwa dakika bila taabu. Sekunde mbili za ukavu ni mizunguko zaidi ya 300, chuma juu ya chuma.

Dawa ya mtaani ni kuongeza oili kupita kipimo. Inasaidia kidogo, halafu krenki inaanza kuichapa oili mpaka inatoa povu, na povu halilainishi kitu. Dawa yenyewe ni kufungua sampu na kuigawa ndani kwa vizuizi vya bati la alumini, vyenye vilango vinavyoiruhusu oili iende kwenye pampu lakini visiirudishe. Ni kazi ya siku mbili, na haionekani kwa nje. Labda ndiyo sababu vijana hawaipendi.

Gokati haikuzaliwa na nguvu hizi. Ya kwanza ilitengenezwa California mwaka 1956 na Art Ingels, kwa injini ndogo ya mashine ya kukata nyasi. Pikipiki ya Boxer ya cc 100 inayobeba abiria hapa mjini ina nguvu farasi kama 8, na gokati nyingi za kukodisha ziko karibu na hapo. Injini ya michezo ya cc 600 inapita 100. Tena peke yake ina uzito wa kilo 60 hivi, na kwa desturi ya gokati inawekwa upande mmoja wa kiti, kwa hiyo kona ya kushoto na ya kulia hazifanani tena.

Sasa breki. Gokati ya kawaida ina diski moja tu, kwenye ekseli ya nyuma. Ukikanyaga, uzito unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinakuwa nyepesi, zinateleza, na gokati inageuka kutazama ilikotoka. Kwa mwendo mdogo utacheka. Kwa breki za namna hiyo, gokati inayohitaji mita 28 kusimama kutoka kilomita 60 kwa saa itahitaji mita 112 kutoka kilomita 120: mwendo mara mbili, umbali mara nne. Uwanja wa mpira una mita 105 hivi, kwa hiyo umeshapita goli na nyavu zake. Gokati za mashindano zenye gia, za cc 125 tu, hufungwa breki mpaka mbele. Kwa hiyo ya cc 600 yenye diski moja sina mjadala nayo.

Gokati haina springi wala difu, gia inayoziacha tairi mbili za nyuma zizunguke kwa mwendo tofauti. Ekseli ya nyuma ni moja, tairi zote mbili zinazunguka pamoja, na ili ikate kona lazima tairi la ndani linyanyuke kidogo. Fremu yenyewe inasaidia kulinyanyua kwa kujipinda. Fremu ndiyo springi, siku nzima inapinda na kurudi. Mafundi wa Katwe, mtaa wa karakana kule Kampala, wanachomelea vizuri na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni bomba la maji. Lina mshono ndani, na zinki yake ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa jioni. (Maziwa hayaitibu, ingawa kila karakana inaapa kwayo.) Tafuta bomba la chuma lisilo na mshono.

Ufa hauanzii katikati ya mshono wa kuchomelea, huanzia ukingoni mwake. Kuuona ni rahisi: safisha, paka mafuta ya taa, subiri robo saa, futa kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Ya wale vijana ilichora miwili, chini ya kiti.

Tairi za wilibaro zimetengenezwa kwa mwendo wa mtu anayesukuma saruji. Msizijaribu. Cheni na ekseli zifunikwe zote, maana ziko nyuma tu ya mgongo wa dereva: shungi, rasta, kamba ya koti, mshipi wa gauni la gomesi, chochote kinachoning'inia kinavutwa kabla ya mtu kupiga kelele. Swichi ya kuzima injini iwe mkono unapofika. Mkanda wa kiti usifungwe kama hakuna kizimba cha chuma juu ya kichwa, kwa sababu gokati ikipinduka mkanda unakushikilia chini yake.

Na barabarani, hapana. Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya Uganda ya 1998 inataka chombo kilichosajiliwa, na dereva wa lori la miwa hakioni kitu kilicho chini ya bampa yake. Nendeni kwenye viwanja vya mbio kama Garuga au Busiika, muombe nafasi.

Wale wawili wamesharudi. Sampu ina vizuizi vinne, fremu imekatwa na kuanzwa upya, breki za mbele bado. Gokati iko juu ya stendi pale kwenye kona ya karakana, na ufunguo ninao mimi.