Kwa nini tiketi namba 32,769 haikushinda kamwe

Niliwahi kuitwa nikague programu ya droo. Tiketi 50,000, washindi 20 kila wiki, na mwenye namba kubwa hajawahi kuitwa hata siku moja. Watu walishaanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Nikafungua msimbo, nikakuta mstari huu:

rand() % 50000 + 1

Imeandikwa kwa lugha ya C, inaendeshwa kwenye Windows. Mwizi hakuwepo.

Kanuni za C zinasema rand(), amri ya kuchota namba ya kubahatisha, itoe namba nzima kuanzia 0 hadi kikomo kiitwacho RAND_MAX, nayo RAND_MAX isipungue 32767. Basi. Maktaba ya C ya Microsoft ikaishia hapohapo kwenye 32767, ilhali glibc, maktaba ya C ya Linux, inafika 2147483647. Aliyeiandika aliijaribu kwenye Linux yake, akaona mambo safi. Kwa mteja mwenye Windows, namba haikuweza kuvuka 32767 + 1, kwa hiyo tiketi 32,769 hadi 50,000, yaani watu 17,232, walinunua karatasi.

Ukipunguza tiketi ziwe 20,000, kila moja inaweza kushinda, lakini upendeleo unabaki. Kuanzia 0 hadi 32767 kuna namba 32,768. Alama ya % inachukua baki, kwa hiyo zile za 20000 na kuendelea zinarudi kuangukia mwanzoni. Tiketi 1 hadi 12,768 zina nafasi mbili mbili, nyingine moja moja. Dawa yake ni kutupa kila namba iliyofika 20000 na kuchota nyingine.

Kwenye lugha ya JavaScript tatizo huwa la mipakani. Math.random() inachota namba ya desimali; inaweza kutoa 0 ila haifiki 1. Nimeona dadu ya ludo iliyoandikwa Math.round(Math.random()*5)+1: Math.round inapeleka kwenye namba nzima iliyo karibu, kwa hiyo 1 na 6 hutokea nusu ya mara za wenzao, na anayesubiri 6 atoe kete nje atazeeka. Andika Math.floor(Math.random()*6)+1; floor inakata desimali tu.

Lugha ya Python nayo ina mtego wake: randint(1, 6) ya moduli yake ya random inaweza kutoa 6, ila randint(1, 6) ya NumPy, maktaba ya hesabu, inaishia 5. Siku hizi siamini kumbukumbu yangu. Narusha dadu mara 60,000, nahesabu kila upande umetoka mara ngapi, ndipo namkabidhi mteja.